Historia ya Telesphor Tarimo, na ya Baba Yake Asiye na Kaburi

Baba Padre, wafiwa wenzangu, majirani zetu wa Thamesmead na nyote mliofika, mimi ni Linus Tarimo, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake, na naomba mnivumilie nikikwama, maana huyu hakuwa mtu wa kumalizwa kwa dakika tano.

Marehemu Telesphor Severini Tarimo alizaliwa Kibosho, Kilimanjaro, tarehe 14 Machi 1943, miezi mitano baada ya baba yake, Severini, kuchukuliwa na jeshi la Mwingereza kwenda vitani Burma. Severini hakurudi, mama yetu aliletewa karatasi kwamba mumewe amepotelea kwenye kivuko cha mto, bila tarehe, bila kaburi, na kwa desturi yetu mdogo wa Severini, Petri, akamchukua mama pamoja na mtoto, nami nikazaliwa mwaka 1948, kwa hiyo Severini mimi simjui, ninayemjua ni Petri, baba yangu mzazi, aliyeuza mpaka ng'ombe wa maziwa ili Telesphor asome.

Alisoma shule ya msingi Kibosho kuanzia 1951 hadi 1958, akamaliza sekondari Moshi mwaka 1962, akafanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa, na Septemba 1965, mwaka mmoja na ushei baada ya Mapinduzi ya Zanzibar na Muungano, serikali ikampeleka Volgograd, Urusi, kando ya mto Volga, kusomea uhandisi wa mitambo, akapangiwa chumba kimoja na kijana wa Unguja, Bwana Abdulwakil, ambaye yupo nasi hapa mbele, pole sana mzee mwenzangu.

Kila Mei, kuanzia 1968, wanafunzi walipelekwa kwenye kilima cha kumbukumbu ya vita, wenzake wakipiga picha chini ya sanamu ya mama mwenye upanga na kushuka haraka kutafuta chai, yeye alibaki ukumbini akisoma majina ya wafu ukutani, moja baada ya jingine, hadi Abdulwakil akamtania kwamba hata akisoma mpaka Krismasi hampati Tarimo humo. Abdulwakil anasema siku hiyo Telesphor hakucheka, na utani ule haukurudiwa. Likizo alipanda meli kupandisha mto, Saratov na kwingineko, akizungukia makumbusho na minara, na mwaka 1969, katika kijiji kimoja cha wavuvi, alimkuta bibi kizee na kopo la rangi, anapaka upya kwenye mnara majina ya wanaume wa kijiji waliokufa vitani, la mumewe likiwemo, mume ambaye naye hakuwa na kaburi. Telesphor akamuuliza ni ofisi gani imempa kibali cha kuandika, bibi akamtazama kama mtu asiye na akili timamu, akampa brashi amsaidie.

Alirudi nyumbani mwaka 1971 akafanya kazi Tanga, akaja hapa London Oktoba 1976, na kwa kuwa shahada yake ya Urusi hakuna aliyeitazama mara mbili, alivaa ovaroli akatengeneza injini za mabasi miaka thelathini na miwili, bila kinyongo, ingawa mimi kinyongo ninacho mpaka leo. Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa hapa Woolwich na shemeji yetu Serah, nesi kutoka Nyeri, wakajaliwa binti mmoja, Ann, aliyekua akitusikiliza kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza, na wiki hii ndiye aliyenisahihishia tarehe zote hizi, kwa Kiswahili safi.

Mei 2005 alimchukua Ann wakaenda Volga, wakautafuta mnara wa kile kijiji, yule bibi amekwishafariki, lakini majina yalikuwa na rangi mpya. Aliporudi aliniambia kwamba siku akifa jiwe lake liandikwe majina mawili, lake na la Severini, kwa kuwa hajaliona jina la baba yake limeandikwa popote duniani. Nilikataa. Nilimwambia Severini hakumnunulia hata penseli, na akiandikwa yeye basi Petri amefutwa, tukanuniana miezi minane, watu wanaotenganishwa na vituo viwili tu vya basi, mpaka shemeji alipotupatanisha kwa chakula, ila habari ya jiwe hatukuigusa tena.

Februari 2018 aligundulika kuwa na kansa ya tezi dume, akatibiwa, akapata nafuu, ikamrudia, akafariki hospitalini tarehe 6 Novemba 2019, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono. Wiki moja kabla alinipa bahasha akasema nikasome msibani, nikajua ni historia yake, mjuavyo alivyopenda kujifanyia kila kitu, lakini nilipoifungua juzi sikukuta neno hata moja juu yake mwenyewe. Nasoma alivyoandika.

Marehemu Severini Tarimo alizaliwa Kibosho mwaka 1919, alisoma madarasa mawili misheni, alilima kahawa, alifunga ndoa na Apolonia, alipata mtoto mmoja ambaye hakumwona, alifariki Burma, mtoni, tarehe haijulikani. Familia ingewashukuru madaktari, hawakuwepo, na majirani, hawakuarifiwa, na kwa namna ya pekee inamshukuru mdogo wake Petri, aliyemlea mtoto wa kaka yake bila kumwambia hata siku moja kwamba si wake.

Ameishia hapo. Kaka, nilikosea, tena kwa miaka kumi na minne. Jana mimi na Ann tumekwenda kwa fundi wa mawe, tumeagiza majina mawili, na Petri usiwe na wasiwasi naye, kaburi lake lipo Kibosho, na leo umemtaja mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia, majirani waliotuletea chakula, wenzake wa karakana ya mabasi walioomba ruhusa kazini, Padre, na Bwana Abdulwakil aliyesafiri akiwa na magoti mabovu.

Telesphor, kazi uliyonituma nimeifanya, baba yako amesomewa. Pumzikeni kwa amani, wewe na yeye.