Mto Ambao Mzee Wino Hakuukata

Mzee Wino, kama wengi wenu mlivyozoea kumwita, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, nyumba ya tatu kutoka kituo cha reli, akiwa kitindamimba wa watoto saba. Baba yake alikuwa mpiga kengele wa kituo na mama yake alishona magunia.

Alianza shule mwaka 1958. Akiwa darasa la sita, mwalimu wa jiografia alimwagiza achore ubaoni milima na maziwa ya ukanda mzima. Alichora mpaka ubao ukamwishia, akahamia ukutani. Alichapwa viboko vitatu, kisha mwalimu yuleyule akapiga marufuku ukuta ule kufutwa mpaka mtihani upite! Alimaliza sekondari mwaka 1969.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa ofisi ya upimaji na ramani, chumba namba kumi na moja, dirisha linalotazama karakana. Humo alikaa miaka thelathini na sita akiichora nchi pana: safu ya milima yenye theluji, nyanda za juu zenye shaba, misitu ya mbao, bonde la maziwa, na jangwa lililozidi kunenepa kila toleo. Mto unaotiririka mwaka mzima huchorwa kwa mstari mzima. Unaokauka kiangazi huchorwa kwa vipandevipande, na ofisini waliita kazi hiyo “kukata mto”. Alipoajiriwa, mito iliyokatwa ilikuwa sita. Kufikia toleo la mwaka 1998 ilikuwa arobaini na mmoja. Watoto walimjua kwa hatua zake tu mlangoni, wakanong’onezana, “Leo baba kakata.” Naye alikuwa akisema, “Wanangu, mimi sikaushi maji. Mimi nachora tu.”

Tarehe 16 Agosti 1975 alifunga ndoa na binti wa wakulima wa vitunguu walioishi kando ya mto mdogo wa bondeni. Siku ya kwanza kwenda ukweni aliteleza akatumbukia mtoni na suti ya kuazima. Wakwe walicheka mpaka machozi, wakasema mkwe huyu keshaoga, sasa ale. Walijaliwa watoto wanne.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na leo kilio kipo tayari, kwa hiyo lisemwe. Mwaka 1998 picha za angani zilionyesha kwamba hata mto ule wa ukweni ulikuwa mchanga mtupu miezi mitatu ya mwaka. Marehemu, mtu asiyekosea hata unywele, aliuacha mstari mzima. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa ndiyo kwanza amestaafu machimbo ya shaba ya mbali. Alikwenda masika kutazama shamba lililokuwa likiuzwa kando ya mto huo, akaukuta umefura. Jirani mmoja akamwonya kwamba hukauka kiangazi, shemeji akafungua ramani. “Wewe unanifundisha nini? Kauchora shemeji yangu mwenyewe!” Akanunua, akapanda michungwa mia tatu. Kiangazi cha kwanza aliinywesha kwa maji ya kubebwa na punda. Cha tatu aliikata kuni.

Septemba 2002 alifika nyumbani kwa marehemu, akaitandaza ramani mezani na kuweka kidole juu ya mto. “Shemeji, hapa ulisinzia?”

“Sikusinzia.”

“Basi ulijua?”

“Nilijua.”

“Kwa nini, bwana?”

Marehemu aliutazama tu mlango wa jikoni, uliokuwa wazi nusu. Shemeji akaikunja ramani, akaondoka, na mguu wake haukukanyaga tena pale kwa miaka kumi na saba.

Mwaka 2016 macho ya marehemu yalianza kufifia, kisha figo zikaanza kushindwa. Daktari aliruhusu vikombe viwili tu vya maji kwa siku. Binti yake mkubwa, anayewasomea maneno haya, ndiye aliyekuwa akimnyima. “Mama, japo funda moja,” alimwambia, na binti akageuka ukutani. Mara tatu alimwita amwandikie barua. “Andika: Shemeji.” Kisha akamshika binti mkono wenye kalamu. “Basi, acha.” Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na shemeji huyo, aliyefika leo asubuhi na kukaa nyuma, karibu na mlango. Juzi Jumatano mjane alimwita binti jikoni, akamwagiza yafuatayo yasomwe kama alivyoyasema, kwa kuwa yeye sauti haitatoka:

“Kaka yangu, mume wangu aliniletea zile picha mezani. Nikamwambia, mito ya watu umeikata yote, wa kwetu niachie. Akasema picha haidanganyi. Nikalia. Siku ulipomuuliza kwa nini, nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Alinitazama, akakuacha umchukie yeye.”

Mzee Wino apumzike kwa amani. Mama na mjomba wamo humu ndani, na binti hajui awaambie nini.