Mama Fomu na Meza ya Dirishani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Sogezeni viti karibu. Leo namkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mnawajua watu aliowainua, ila yeye mwenyewe hamumjui. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na miwili. Watu walimwita Mama Fomu, jina alilolikubali kwa shingo upande.

Kwa nini shingo upande? Kwa sababu Mama Fomu alikuwa mchonga vibao. Narudia, maana hata majirani walishasahau: alikuwa mchonga vibao, vile vya mbao vya kuchapia maua kwenye vitambaa. Unachonga ua, unapaka rangi, unagonga kitambaa. Alikuwa na mkono mwepesi, na wateja walimfuata nyumbani. Kisha shirika moja la kuwasaidia wasanii likamwomba akae ofisini, awasaidie wenzake kuomba nafasi. Akakubali, kwa mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja tu, jamani! Akakaa ishirini na mitatu.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya karakana. Chini kulikuwa na meza za kazi kumi na mbili. Msanii anayepewa meza huitumia mwaka mzima, pamoja na vifaa, na shirika linamtafutia wanunuzi. Lakini ili uipate, lazima ujaze fomu, na hapo ndipo watu walipokwama. Fundi hodari, mpe kalamu tu, jasho linamtoka.

Dawa ya Mama Fomu ilikuwa moja. Alikunyang'anya kalamu. "Wewe zungumza," alisema, "mimi naandika. Na usinipambie."

Mfinyanzi mmoja, ambaye leo ndiye mkurugenzi wa shirika hilo, anaikumbuka siku yake ya kwanza. Alianza kwa madaha: yeye ni msanii mwenye maono mapana, mwenye dira...

"Baba, ngoja kwanza," Mama Fomu akamkata. "Unatengeneza nini?"

"Mitungi."

"Ina nini hiyo mitungi yako?"

"Haivuji."

"Haya! Si ungesema? Tunaandika haivuji."

Akapata meza. Wakapata wasusi wa vikapu, watengeneza ngoma, na mama mmoja aliyeshona wanasesere wa maonyesho ya watoto. Waliingia pale wakiwa wanafanya kazi kwa kubahatisha, kwenye kona za sebule zao. Walitoka wakiwa na wateja wa kudumu, na wengine wakiwa na wanafunzi.

Na yeye je? Yeye alitamani. Wasikilizaji, alitamani mno. Binti yake, mtoto wake wa pekee, ameniambia hivi: "Mama akishuka karakana alikuwa anaokota vumbi la mbao, ananusa. Nikimuuliza, anasema, 'Mwakani, mwanangu. Mwakani narudi kwenye patasi yangu.' Hiyo mwakani nimekua nayo."

Sasa sikilizeni. Mwaka fulani bwana mmoja alipewa meza kwa kuonyesha picha za kazi zake za zamani. Kumbe kazi aliacha kitambo, meza anaiwekea kikombe cha chai na kupiga soga. Mama Fomu alipandwa na hasira, akaandika sharti kwa mkono wake mwenyewe: anayeomba meza aonyeshe kazi tatu alizofanya ndani ya miaka mitatu. Kazi tatu, miaka mitatu. Asiye nazo asubiri. Shirika likalipitisha sharti hilo, na yeye hakuwaza kwamba siku moja litamwangukia.

Alistaafu akiwa na miaka sitini. Wiki hiyo hiyo akachukua fomu, akakaa nayo jikoni kwake. Jina, akajaza. Fani, akajaza kwa herufi kubwa. Akafika penye kazi tatu. Binti anasema alikwama hapo siku nne. Hakuwa na hata moja. Mtu aliyewajazia fomu watu wasiohesabika aliirudisha ya kwake ikiwa na pengo.

Mfinyanzi, wakati huo tayari mkurugenzi, alipoiona alishuka ngazi mbio kumfuata. "Mama yangu, nani wa kukuuliza kazi wewe? Meza ya dirishani ni yako. Yamekwisha."

Alitaka kukubali. Alimwambia binti yake baadaye kwamba mdomo ulishafunguka kusema ndiyo. Lakini akajibu, "Ukinipitisha mimi, yule wa chai naye atarudi. Utamjibu nini? Niache nikachonge."

Akaenda nyumbani, akalia. Ndiyo, alilia, siwafichi. "Nimejifungia mlango mwenyewe," alimwambia binti yake, "tena kwa mwandiko mzuri."

Alihangaika karibu miaka miwili. Vidole vilikuwa vizito. Kibao cha kwanza kilipasuka katikati. Cha pili alikipigania miezi mitatu, kisha akakitupa. Binti akimsihi apumzike, anaambiwa, "Wewe nikorogee rangi, maneno yako weka." Hatimaye vikatimia vitatu vya kuonyesha watu. Akajaza fomu upya, akaipeleka mwenyewe. Safari hii haikuwa na pengo, na meza ya dirishani akapewa.

Aliitumia siku kumi na moja. Nasema tena: siku kumi na moja. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili hakuamka.

Kwako binti yake, pole sana, dada yetu. Kwako mfinyanzi, na nyote mliopita mikononi mwake, poleni. Pengo lake tunalihisi hata sisi huku studio.

Nilimuuliza binti kama siku hizo si chache mno. Akanisimulia. Siku ya mwisho alimpelekea mama yake chakula cha mchana. Akamkuta msusi mmoja wa vikapu amesimama mbele ya meza, fomu mkononi, anabembeleza: "Mama Fomu, dakika mbili tu." Mama hakuinua hata macho. "Leo siwezi, mwanangu," akasema. "Nina kazi yangu."

"Alikuwa anatabasamu," binti akaniambia. "Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema hivyo."

Wasikilizaji wapendwa, yupo mtu aliyekuandikia barua, aliyekutafutia nafasi, aliyekuombea kwa wakubwa. Kamtafute leo, umuulize yeye alitaka kufanya nini. Na akikwambia hawezi kukusaidia kwa sababu ana kazi yake, mshukuru, funga mlango taratibu, umwache afanye.