Dishon Owiti, Neno "Thatch" na Barua Isiyo Yake

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Dishon Owiti anashuka ngazi kwa mara ya mwisho. Ametuezekea mapaa kwa miaka thelathini na tatu na miezi minane, na kwa muda huo wote hajaanguka hata mara moja. Mimi, Gordon Oluoch wa mauzo, nimeanguka mara mbili, zote kwenye ngazi za ofisi. Sijui ni nani aliyeamua kwamba wasifu huu wa kijitabu cha sherehe ya kumuaga niuandike mimi.

Aliingia Machi 1992 kama kibarua wa kubeba nyasi, akawa fundi, kisha mkuu wa kitengo cha nyasi. Mabanda mengi ya ukingoni mwa ziwa mnakokula samaki Jumapili ni kazi ya mikono yake. Huanza chini na kupanda, kila safu ikilalia ya chini yake ili mvua iteleze. Mwaka wangu wa kwanza nilimshauri aanzie juu, mteja aone maendeleo akiwa barabarani. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, akaanzia chini.

Marehemu Mzee Sukhdev, mwanzilishi wa kampuni, alimpa kamusi kubwa ya Kiingereza isiyo na jalada, naye akaisoma kila saa ya chai. Siku moja mkutanoni nilitangaza kwamba neno "thatch", yaani paa la nyasi, tulifute kwenye vipeperushi kwa sababu linanuka umaskini, tuuze vigae na mabati ya rangi. Mzee Dishon akainuka kwenda kuleta kamusi. Kumbe Waingereza wa kale walilitumia kwa paa lolote, kwa maana ya kufunika. Nyasi zililimiliki baadaye kwa sababu nyumba zao nyingi ziliezekwa kwa nyasi. Wajerumani hadi leo paa wanaliita "Dach". Katika Kilatini neno hilo lina ndugu yake, "tegere", yaani kufunika, naye ndiye aliyezaa "tile", vile vigae nilivyokuwa nikivipigia debe. Nilikuwa namsifu mpwa huku namtukana shangazi.

Hakuishia hapo. Alisema neno hilo pia ni zile nyasi kavu zinazojazana chini ya nyasi mbichi za uwanja wa gofu, na tena ni nywele nyingi kichwani. Hapo akakitazama kipara changu, akafunga kamusi polepole. Watu wa stoo walicheka mpaka chai ikapoa.

Sasa kuna jambo. Pale getini kuna ubao wa majina ya wastaafu ambao hawakuwahi kupata barua ya onyo. Wako wanne tu, na Mzee Dishon, aliyeupangusa ubao huo kila Jumatatu, angekuwa wa tano. Jina lake halitaandikwa, kwa sababu mwezi wa Mei alipewa barua. Sababu mliambiwa, lakini hamkuambiwa yote.

Tulikuwa tumemwezekea Mzee Ajwang, kule karibu na Ahero, nyumba ya nyasi ya kupokelea wageni. Mzee Dishon akamaliza kwa kusimika osuri, kile kijiti cha kileleni ambacho kwa Wajaluo kinasema mwenye boma yu hai. Kikiondolewa, maana yake amefariki. Mtoto wa darasa la tatu wa vijiji vya Kano, huko Ahero, anajua hilo. Mimi ni Mjaluo wa Kaloleni, mtaa wa mjini Kisumu, nimekulia kwenye nyumba za baraza la mji, najua kula samaki hadi macho na basi.

Nilifika kupiga picha za kipeperushi wakati mafundi wameenda kula. Kijiti kilikuwa kimechomoza palepale nilipotaka kuweka namba yetu ya simu. Nikapanda na kitambi changu, nikaking'oa kijiti, nikapiga picha, nikakitia kwenye buti ya gari ili nisikisahau. Nikakisahau.

Kesho yake Mzee Ajwang alikuwa Kisumu kung'olewa jino. Dada yake, Mama Rosa, akaja kumtembelea kutoka Otonglo, akaliona paa halina kijiti, akaanza nduru tangu langoni. Kufikia saa saba mchana hema lilikuwa limesimama. Mwenyewe aliporudi na shavu lililovimba, alikuta majirani wanabishana azikwe lini. Leo tunacheka, lakini siku ile alikaa chini akitetemeka, na mwenye ugonjwa wa presha kukuta matanga yake mwenyewe si mchezo.

Familia ilikuja ofisini. Mkurugenzi wetu, Bi. Simran, akauliza ni nani aliyekitoa. Nilikuwa na barua mbili za onyo tayari, ya tatu ni kufukuzwa, na Mzee Dishon alijua kwa sababu ndiye niliyemlilia kuhusu karo ya watoto. Nikainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Mzee Dishon akasema, "Kilele cha paa ni kazi yangu. Kilichotoka kule juu, niulizwe mimi."

Akatia sahihi barua yake ya kwanza na ya mwisho. Jumapili akaenda kwa Mzee Ajwang na wazee wa pale, wakazungumza, akasimika kijiti kingine. Mimi nilijifanya mgonjwa. Nilipopata ujasiri wa kumuuliza kwa nini alifanya vile, alinijibu kwamba watoto wake wameshamaliza shule. Aibu niliyoisikia siku hiyo sijawahi kuisikia tena, na nimefanya mengi ya aibu.

Bi. Simran, najua unayasoma haya ukiwa meza ya mbele. Ni mimi niliyekitoa. Barua ile ihamie kwenye faili langu, na ikiwa ndiyo ya tatu, basi ni ya tatu. Mchoraji wa maandishi yuko getini, kando ya ule ubao, na rangi nyeupe, anangoja neno lako.

Mzee Dishon, sikukuomba ruhusa ya kuandika haya kwa sababu ungekataa. Asante kwa kazi yako, na asante kwa watoto wangu ambao wako shuleni leo. Sisi sote tunakuombea afya, siku nyingi na usingizi mtamu wa mchana. Nenda nyumbani na jina lako likiwa safi.