Chupa Arobaini za Kigwa

Kaeni chini wote watatu, tena kaeni karibu, maana sauti yangu haifiki mbali na sina nguvu ya kurudia maneno. Batuli mwanangu, sogeza hiyo seredani hapa tulipo, baridi ya mwezi wa saba hii si ya mchezo. Miguu yangu haiusikii moto, lakini macho yanauona na moyo unapata joto. Feruzi, wewe ndiye mkubwa, yashike nitakayosema. Na wewe Sudi, mtoto wa marehemu ndugu yangu Shaban, usikae mlangoni kama mgeni, njoo, kwani mengi ya leo ni yako, na ukishayasikia huenda usitake tena kuniita baba. Bismillahi. Mimi Mfaume bin Mabruki, akili zangu timamu, nawausia.

Ya mali nitayamaliza upesi, si hayo yanayonitisha. Nyumba hii ya Ng'ambo isiuzwe. Mizinga ya nyuki kule msituni ni ya Feruzi, na asirine asali hata mara moja bila kumtolea Batuli fungu lake. Cherehani ya mama yenu ni ya Batuli. Baiskeli mpeni Sudi, mnyororo umelegea ila inakwenda. Deni la pesa sina kwa mtu yeyote. Deni nililonalo ni la damu, wala msitazamane hivyo, sikumchinja mtu.

Naogopa, wanangu. Mtu mzima hasemi hivyo mbele ya watoto, najua, lakini mie nimechoka kujifanya jabali. Naogopa kaburi, na zaidi ya kaburi naogopa kuwaacheni na jambo ninalolijua peke yangu katika mji mzima wa Tabora. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeyaficha maradhi ya ukoo mzima kwa miaka kumi na miwili.

Babu yenu Mabruki alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo mara saba kabla gari moshi halijafika huku. Mpagazi ni miguu. Alipoingia miaka arobaini na kitu miguu ikamkimbia: kwanza ganzi nyayoni, ikapanda magotini, ikaja vidoleni, mwisho akawa hawezi kusimama bila kuzirai, akakonda akaisha. Watu wakasema alimtupa mpagazi mwenzake mgonjwa porini, na yule mgonjwa akamlaani. Tangu hapo kila aliyepatwa na ganzi katika ukoo wetu tuliambiwa njia inadai chake, basi tukachinja mbuzi njia panda, tukala nyama, tukaenda zetu kulala. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoajiriwa.

Mwaka uliofuata uhuru nilipata kazi kwa yule daktari Mzungu aliyepanga nyumba karibu na reli. Watu walimwita Bwana Chupa, kwa kuwa hakuwa na haja na mtu ila na chupa ya damu yake. Hakuwa mbaya. Alinifundisha kutoa damu, kuiacha itulie mpaka wekundu ushuke na juu yabaki maji ya rangi ya samli. Maji hayo tulikuwa tunayatia kwenye wanga ulioganda kama faluda, tunapitisha umeme, na vitu vilivyomo ndani vinaanza kwenda, kila kimoja kwa mwendo wake, wepesi mbele wazito nyuma, msafara kamili. Ukimwagia rangi unaona mistari. Bwana Chupa aliijua mistari yote kwa majina isipokuwa mmoja, na huo mmoja tuliuona kwanza katika damu yangu mimi, siku nilipotoa mkono wangu tujaribie mashine.

Akasema ni protini. Nikamwambia, "Mimi maharage sijala tangu Ijumaa." Akacheka mpaka akavua miwani. "Hii, Mfaume, mwili unajitengenezea wenyewe. Ni uzi mrefu kama wa shanga, na uzi huo hujikunja. Ukijikunja sawasawa unafanya kazi uliyotumwa. Ukijikunja vibaya unagandamana na wenzake, unakuwa taka ambayo mwili hauwezi kuitoa." Nikamuuliza huu wangu umetumwa kazi gani. Akainua mabega. "Labda unabeba kitu. Labda unalinda mishipa ya fahamu. Labda hauna kazi kabisa. Sijui, na hakuna ajuaye." Mzungu kusema sijui! Nilimpenda siku ile.

Basi akataka kujua wangapi wanao mstari ule. Akanipa sanduku la chupa arobaini, akaniambia panda gari moshi uende Kigwa, kila chupa mtu mmoja. Nikashuka Kigwa, nikatandika kitambaa changu cheupe, nikatoa sindano. Kabla sijamfunga mtu wa kwanza mpira mkononi, mama mmoja akapiga yowe: "Mumiani! Mumiani huyo!" Ninyi wa siku hizi mnaweza kucheka, lakini wakati ule kila mtu alijua wako watu wanaonyonya damu za wenzao wakaziuze, na mimi nimekaa pale na sindano na chupa, ningejitetea kwa lipi? Wakatoka na marungu na mishale. Mzee mmoja wa kanisa, Elieza, akajiweka katikati yetu akasema, "Ondoka, ndugu yangu, maana zaidi ya hapa siwezi kuwazuia." Nilikimbia kufuata reli mpaka pumzi ikanikatika, sanduku kichwani, na chupa zinagongana kila hatua. Mpaka leo nikisikia glasi zinagongana nageuka kutazama nyuma.

Nilifika mjini na chupa tupu. Kumwambia Bwana Chupa sikuthubutu, nilidhani atanifukuza. Kurudi Kigwa ndiyo kabisa. Sasa sikilizeni nililolifanya. Nilizijaza hapa nyumbani. Nilimtoa damu Shaban. Nilimtoa mama yenu Swaumu, ambaye mnajua alikuwa binti wa ami yangu, damu moja na mimi kabla hajawa mke wangu. Nilimtoa dada yenu Mwanahawa, ana miaka kumi na minne. Nikajitoa mwenyewe, nikawatoa hata ninyi mlio mbele yangu, wadogo mnalia, nikawahonga kashata. Juma zima, mkono uleule leo na kesho kutwa, na juu ya kila chupa nikaandika jina la mtu wa Kigwa ambaye hajapata kuzaliwa.

Bwana Chupa alipoona mistari aliruka kama mtoto. Zaidi ya nusu ya chupa zilikuwa nao! Akakaa akaandika kwamba protini ile ni ya kawaida kwa watu wa njia ya misafara, kwamba nusu ya Kigwa wanayo na wanalima na wanacheza ngoma, kwa hiyo haidhuru kitu. Kumbe nusu ya Kigwa ni sisi, wanangu. Ni sisi tu, nyumba hii moja.

Mwaka mmoja baadaye Shaban akaanza kulalamika ganzi. Nilimpeleka kwa Bwana Chupa nikimshika kiuno. Akamtazama, akatazama mstari wake kwenye wanga, akasema maneno ambayo nitafufuliwa nayo siku ya kiama: "Si huu, Mfaume. Wenye huu wako zaidi ya ishirini Kigwa na wote wanatembea." Nami nimesimama pale najua hakuna hata mmoja. Nilifungua mdomo. Wallahi niliufungua. Nikaona gereza, nikaona watu wakisema Mfaume ni mumiani wa watoto wake mwenyewe, nikaufunga. Mzungu akafunga masanduku yake akaenda kwao na uongo wangu ndani, na Shaban akafa.

Hapo ndipo unapoingia wewe, Sudi. Watu walitaka mchawi, na mganga Ng'washi akasema mchawi hulala kitanda kimoja na mgonjwa. Wakamnyooshea kidole mama yako Kuluthumu. Mwanamke yule alikuwa amemwosha mumewe, amemlisha, amembeba mgongoni kumpeleka chooni kwa mwaka na ushei. Eda ilipokwisha wakamtoa na kibunda cha kanga mbili, na wewe ukabakizwa huku ukimwita. Waliponiuliza mimi kama kaka wa marehemu, nilisema, "Ninyi amueni." Ninyi amueni! Ningesema neno moja la kweli mama yako angekaa.

Usisimame, Sudi. Kaa, baba. Nipige ukitaka, sitakulaumu, lakini kaa, maana bado.

Mwaka wa Azimio tukamzika Mwanahawa, ana miaka kumi na tisa. Babu yenu miguu ilimtoka utu uzimani, Shaban vilevile, mbona huyu msichana? Nikakumbuka chupa yake: mstari wake ulikuwa mweusi kama wanja, wa sisi wengine kijivu. Aliupata kwangu na akaupata kwa mama yake. Uzi uleule kutoka pande zote mbili. Mama yenu naye akafuata. Na mimi nilijijua siku nilipokaa barazani nakunywa kahawa, jirani akapiga kelele, "Mzee Mfaume, unaungua!" Nikatazama chini, kisigino kiko kwenye moto, nami sina habari.

Mtaniuliza, na sisi je? Chupa zenu hazikuwa na mstari huo hata moja, nilifurahi sana, nikadhani mmenusurika. Lakini nakumbuka niliwahi kumuuliza Bwana Chupa mbona kwa watoto haupo, akasema, "Amri ya kuitengeneza mtu huzaliwa nayo, ila mwili hauitii mpaka wakati wake. Kwa wengine ni wanapobaleghe, kwa wengine baadaye." Basi sijui. Nimewatazama miguu yenu kila mnapotembea, kila mnapopanda ngazi ya msikiti, mpaka Feruzi ukaniuliza unatafuta nini, baba. Ndicho nilichokuwa natafuta.

Na sasa mnaona kwa nini nimewaita kabla ya harusi ya Mfunguo Mosi. Batuli na Sudi, posa imekwisha pokewa, mahari imetajwa, kadi zimekwenda hadi Igunga, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema mtoto wa ami ni wako, usimwache aende kwa watu. Nilisema hivyo kwa sababu kukataa kungetaka maelezo. Ndoa hiyo isifungwe. Nasema isifungwe! Sikatazi kwa chuki. Mlio na damu moja msiitie damu hiyo katika mtoto mmoja, nimekwisha mzika mmoja wa namna hiyo. Lieni sasa, mlie mbele yangu, kuliko kulia mbele ya kitanda cha mwana.

Feruzi, chini ya kitanda changu kuna debe la biskuti. Ndani mna karatasi nilizochora mistari yote arobaini, na kila namba nimeandika jina la kweli la mwenye mkono. Lichukue umpelekee yule daktari kijana, Justus, aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Mwambie baba yangu alikuwa mwongo na alikuwa mwoga, halafu mwambie aandike kwa Bwana Chupa kule aliko, aifute ile habari ya Kigwa. Dawa huenda hana. Lakini mtu hawezi kuitafuta dawa ya kitu kilichoandikwa kwamba hakidhuru. Na awatoe damu ninyi watatu, kwa majina yenu.

Sudi, mama yako wamemhamishia kijiji cha ujamaa, Ntalikwa, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya tumbaku. Nenda leo. Usingoje nife. Mlete, apewe vyumba viwili vya uani, na nikiwa bado napumua nitamwambia mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na mbele ya majirani wote kwamba hakuroga mtu. Nikiwa nimekwisha kufa, yaseme wewe. Yaseme kwa sauti.

Maji... nipeni maji kidogo. Polepole, kooni hayashuki vizuri.

Nizikeni karibu na Mwanahawa, siyo karibu na Shaban, bado sina uso wa kulala ubavuni mwake. Khitma iwe uji na mkate tu, msijionyeshe. Nisameheni. Sisemi mnisamehe leo.

Inueni mikono. Mola awajaalie nyayo zinazosikia. Zisikie mwiba, zisikie mchanga wa mchana, zisikie baridi ya sakafu alfajiri mkienda kutawadha. Msimwombe Mungu awaondolee maumivu ya miguu, wanangu, mwombeni awaachie. Awape... awape umri kuliko wangu, na ulimi mzito kwa uongo. Amin. Semeni amin.

Nini hicho kinanuka? Kuna kitu kinaungua, pua bado ninayo. Feruzi, tazama ukingo wa mkeka. Siyo mkeka? Basi kanga... siyo kanga.

Batuli. Batuli mwanangu, mguu wako. Mguu wako umegusa seredani, utoe, utoe haraka. Mbona unanitazama tu, mama? Utoe.