Mtoto wa Majid na Jua la Mlingotini

Mbele ya nyumba ya Majid bin Himid, mwuza nguo wa hapa Bagamoyo, pana baraza ya chokaa ambayo asubuhi huwa na kivuli kizuri, na sisi tunaoikalia tuna kazi moja kubwa: kuwafundisha wenzetu namna ya kuishi. Mimi ni mshona kofia. Kofia nashona kweli, ila moja hunichukua siku nyingi, maana mkono husimama kila mdomo unapofunguka. Kulia kwangu hukaa Rajabu, mwezekaji wa makuti, tunayemwita Kipara, na mkimwona hamtauliza kwa nini. Kushoto yuko Husseni, tunayemwita Tabibu kwa sababu aliwahi kukaa Unguja nyumba moja na tabibu, akarudi na majibu yote. Darwesh ndiye mwenye dele la kahawa. Yeye hazungumzi na watu mpaka alitue dele chini. Siku ile alilitua mapema, maana Majid mwenyewe alitoka ndani akaja kukaa nasi, uso umemshuka.

– Sabalkheri, sheikh Majid, – nikamwambia. – Vipi nyumbani?

– Heri, lakini si sana. Nataka shauri lenu.

Tukasogeleana. Mtu akituomba shauri, kwetu sisi ni kama sikukuu.

– Ni mwanangu Khairiya, – akasema Majid. – Mwaka wa pili unakwisha na hajasimama. Miguu ina matege, tena matege ya kutisha. Jana mama mkwe wangu, Bi Mwanahija, alikuja kutoka Mlingotini. Anataka kumchukua akakae naye, kila asubuhi amtoe pwani apigwe na jua miguuni kabla mchanga haujawa moto. Anasema mtoto huyu hajaliona jua tangu azaliwe.

– Na Bi Thuwaiba anasemaje? – Kipara akauliza. Bi Thuwaiba ndiye mama yake Majid, na ndani ya nyumba ile neno lake halirudiwi.

– Mama hataki kusikia. Jua litamtia mtoto homa, limmalize. Mke wangu analia, yeye anataka mtoto aende. Mwenye punda nimekwisha kumwagiza, yuko njiani, na mama amesema akifika nimrudishe alikotoka. Basi niambieni kabla hajafika: jua ni dawa au ni sumu?

– Sumu! – Kipara akarukia. – Mimi nalijua jua kuliko nyinyi nyote, kila siku nalipandia ngazi. Mnakiona kichwa hiki? Kilikuwa na nywele, wallahi, nywele za kuchana! Jua limezichoma huku mimi naona.

– Marehemu baba yako naye alikuwa na kipara, – nikamkumbusha, – na alikuwa mwalimu wa chuoni, kutwa yumo ndani.

– Lilimpatia dirishani.

Tabibu akakohoa kidogo. Akikohoa hivyo, ujue elimu inapanda.

– Msimsikilize huyu. Kila mwili una asili yake. Mtoto ni baridi na majimaji, ndiyo maana mguu unalegea unapinda. Jua ni moto na ukavu. Ukavu ukiingia, maji yanatoka, mguu unanyooka. Yote hayo yamo kitabuni.

– Kitabu gani? – nikauliza.

– Kikubwa.

– Mimi naezeka nyumba, bwana wee! – Kipara akasema. – Boriti mbichi ukiitupa juani inapinda. Jua ndilo linaloipinda! Sasa mguu uliokwisha kupinda ukauweke huko?

– Kilichopinda kikipindwa tena kinanyooka.

– Ala!

– Na boriti inapinda kwa kuwa haigeuzwi. Mtoto atageuzwa. Huku kidogo, huku kidogo.

– Kama samaki wa kuchoma? – Majid akauliza, na wala hakuwa akifanya mzaha.

Darwesh akaona zamu yake imefika.

– Mimi nasema mtazameni papa. Mweke ndani siku mbili tu, mtaa mzima unahama. Mwanike juani, anakaa mpaka mwenyewe umsahau. Basi jua linatunza mwili.

– Lakini yule papa amekufa, Darwesh!

– Alikufa kabla ya kuanikwa. Hapo jua msilisingizie.

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Kipara naye akacheka. Majid alikuwa akikizungusha kikombe kilichokwisha kupoa.

– Chekeni, – akasema. – Mama yangu hasemi upuuzi. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Palikuwa na harusi, watu wote wamo mbioni, mtoto akashinda juani anacheza, hakuna aliyemwangalia. Jioni yake homa. Tulimzika watu wa harusi hawajaondoka. Tangu hapo mama akiona mtoto anakaribia kizingiti, moyo wake unasimama. Nikimruhusu Khairiya aende, na likatokea la kutokea, nitamtazama mama kwa uso gani? Na asipokwenda, nikamlea mpaka akawa mwanamke mzima anayetambaa?

Nilimwonea huruma yule mama, na Majid nilimwonea huruma zaidi, maana huku mama ana haki na huku mke ana haki. Darwesh akaimwaga kahawa ya Majid iliyopoa, akamtilia nyingine bila kuombwa.

– Lile lilikuwa jua la mchana, – Tabibu akasema taratibu. – Bi Mwanahija anazungumzia la asubuhi. Si kitu kimoja.

Lilikuwa neno la maana, na kama angeishia pale ningemshonea kofia bure. Hakuishia.

– La asubuhi bado changa, halina hasira. La mchana limekwisha kuudhiwa na watu.

– Hata hilo la asubuhi si letu, – Kipara akasema. – Linatoka wapi? Bara Hindi. Likija huku, linapita Unguja kwanza. Waunguja wanachukua lililo zuri, sisi wa Mrima tunaletewa makombo!

– Na Mlingotini je? – Darwesh akauliza. – Nao si Mrima?

– Mrima, lakini wao wachache. Kila mtu fungu lake linakuwa kubwa.

– Hebu tuseme kweli, – Tabibu akasema. – Wazungu wanavaa makofia kama mabakuli, jua haliwagusi, na miguu yao imenyooka.

– Miguu yao umeiona wapi wewe? – Kipara akaruka. – Suruali mpaka chini, kiatu mpaka kwenye goti! Wallahi wana matege wote! Wanaficha! Ndiyo maana ya suruali!

Kivuli kilikuwa kimepungua, jua limefika kwenye vidole vyetu vya miguu. Wa kwanza kukunja miguu na kuipandisha juu ya baraza alikuwa Tabibu.

– Mbona unaikimbia dawa? – Majid akamwuliza.

– Yangu imenyooka. Ikizidi itavunjika.

Hapo ndipo alipotokea mtu tusiyemjua, anamvuta punda wa kijivu, kilemba kimejaa vumbi.

– Salaam aleikum. Mimi Rehani, mwenye punda. Nimeagizwa kumpeleka mtoto Mlingotini.

– Waaleikum salaam, – Majid akajibu, akasimama nusu. – Ngoja kidogo, bwana. Bado tunashauriana.

– Hewala, shaurianeni. Mimi niacheni nitayarishe shogi langu.

Akamtandika punda lile shogi, kapu la ukindu lenye mifuko miwili, mmoja unaning'inia huku na mmoja huku. Akachota mchanga wa njiani kwa kifuu, akautia mfuko wa kushoto, kifuu baada ya kifuu, kisha akasita.

– Mtoto nampakia kulia, bibi yake atatembea hapa ubavuni amshike. Huku kushoto natia mchanga, pande zilingane, ama sivyo shogi litapinduka njiani na mtoto ndani. Basi nambieni, mtoto ana uzito gani?

Kipara akamtazama Tabibu. Tabibu akaanza kuzikagua kwato za punda. Darwesh akashughulika na vikombe vyake.

– Baba yake ni nani hapa? – Rehani akauliza.

– Ni mimi, – Majid akasema.

– Vyema. Ukimbeba unamwonaje? Kama mtungi wa maji? Kama pishi ya mchele?

Majid akaitazama mikono yake.

– Sijui.

– Hujui?

– Sijambeba tangu miguu ilipoanza kupinda. Naogopa kuiona.

Nilitahayari. Siku zote nakaa nimeegemea ukuta wa nyumba ile ile, na mtoto mwenyewe sijapata kumtia machoni, wala hakuna mwenzangu aliyemwona. Tulikuwa tumemkausha, tumemgeuza, tumemwanika pamoja na papa, na hatujui hata ukubwa wake.

Majid akaingia ndani. Tukaisikia sauti ya Bi Thuwaiba ikipanda, kisha ya Majid, ndogo. Alipotoka alikuwa amempakata mtoto kifuani, leso imemfunika, vijiguu viwili vilivyojikunja vinaning'inia nje. Nyuma yake alikuja Bi Mwanahija na kifurushi chake cha safari.

– Kichwa, Majid! – Bi Thuwaiba akapiga kelele toka nyuma ya mlango, sauti imejaa machozi. – Mfunike kichwa! Miguu iache, lakini kichwa mfunike!

Majid akaivuta leso kichwani mwa mtoto, akashuka barazani, akasimama naye juani katikati ya njia. Khairiya akafumba macho, akapiga chafya.

– Enhe, – Rehani akauliza, – ana uzito gani?

Majid akampandisha kidogo mikononi, akampandisha tena, kama mtu asiyeamini.

– Hana, – akasema. – Jamani, mwanangu hana uzito.

Rehani akatia mkono katika mfuko wa kushoto, akaanza kupunguza mchanga.