Alama ya Maji Ukutani mwa Montrivel

Sogeeni wanangu, Odile na Gaspard, mfunge na dirisha hilo, maana mto unanguruma na sauti yangu haiwezi tena kushindana nao. Mizabibu ya jabalini ni ya Odile, nyumba hii ni ya Gaspard, msigombane. Linalonikaba ni jingine.

Ile alama ya gharika niliyoichonga ukutani mwa kanisa, ambayo wageni huipiga picha, nanyi utotoni mkipimia vimo vyenu, ni ya uongo. Maji yalipita juu yake kwa kimo cha mtu mzima. Watu walikuwa wanahama, na babu yenu Barthélemy alikwisha kupakia mkokoteni amchukue mama yenu, akaniambia, "Binti yangu haolewi na chura." Nilipoitwa kuichonga alama, meya akaninong'oneza, "Ishushe, Anselme, watarudi." Tukasugua tope kutani, nikaishusha, wakarudi. Nikamwoa mama yenu, mkazaliwa ninyi, na kwa kuiamini patasi yangu watu wakajenga hadi shule kando ya mto.

Tangu hapo nimefungwa hapa, huku jabali, huku maji. Mama yenu alinisihi tuhamie kwa dada yake, nami nikamkaripia, kwani wangeuliza mchonga alama anakimbia nini. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenizungusha miaka hamsini na minane katika mitaa hii mitatu, na kila mvua ya Novemba niliogopa kama mtoto.

Sasa wewe Gaspard, kwa kuwa sakafu ya chumba hiki cha chini iko juu ya alama kwa shubiri mbili, unataka nikishatoka mimi walale humu wanao. Vuta kabati hilo. Unauona msumari? Niliupigilia kwenye mstari wa tope kabla hatujalisugua. Simama hapo. Unakufika kifuani. Na Lucile wako je, mwenye miaka minne?

Usilie, Odile. Wewe ndiye uliyerithi patasi. Usiifute alama yangu. Chonga ya kweli juu yake, na jina langu uliweke chini ya zote mbili, watu wanilaani wakiwa hai. Mwambie na mwalimu wa shule, leo hii.

Mungu awape... awape miguu mikavu, wanangu, na ndimi zisizoogopa. Mimi msinihamishe, sifai kubebwa. Vile vitanda vya watoto, pale mlangoni... vipandisheni. Sasa hivi, Gaspard. Nataka nivisikie... vikipanda ngazi.