Tone la Damu na Maziwa ya Kibuyu: Maisha ya Dkt. Kalondu Mutiso

Kwa niaba ya familia ya Mutiso ya hapa Kathonzweni na familia ya Mzee Ndeti ya Kanyangi, mimi Nzioka, shemeji yake marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na najua angekuwa ameketi hapo mbele angenionya nisome polepole na nisitie chumvi, nami nitajaribu, ingawa hilo la pili siliahidi.

Dkt. Kalondu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951 huko Kanyangi, Kitui, akiwa kifungua mimba wa Mzee Ndeti na marehemu Mama Mbinya, akafuatwa na ndugu yake wa pekee, Musyoka, waliyekuwa wakichunga mbuzi pamoja na kugombana pamoja, kama watoto wote. Alianza shule ya msingi pale Kanyangi mwaka 1958.

Mwezi wa Mei 1962, Shangazi Kalunde, dada yake Mzee Ndeti aliyeolewa Kikima, alikuja kuwatembelea na kibuyu cha maziwa ya mgando, Mzee na Musyoka wakayanywa, na kabla ya wiki kwisha wote wawili walikuwa na homa, matumbo yakavimba upande wa kushoto, wakapewa dawa ya malaria isiyosaidia. Mzee alipona polepole, lakini Musyoka alifariki tarehe 30 Juni akiwa na miaka saba. Watu hawakukosa maneno, wakasema Kalunde alitia sumu katika yale maziwa, na Mzee, kwa uchungu wa mwanawe, akayaamini, akamwambia dada yake asikanyage tena boma lake. Kalondu alikuwa na miaka kumi na mmoja, alimpenda shangazi yake, na swali la ni nini hasa kilichomwua Musyoka lilimkaa moyoni tangu siku hiyo.

Alisoma shule ya upili Kitui, akamaliza mwaka 1970, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea kemia, na mwaka 1974 akaanza kufundisha katika shule ya wasichana kule Kikima. Wengi walidhani alipangiwa huko, lakini mwenyewe ndiye aliyeomba, na kila Jumapili baada ya kanisa alikula kwa Shangazi Kalunde, jambo ambalo baba yake alilijua na hakulitaja kamwe.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na kaka yangu Mutiso katika kanisa la hapa Kathonzweni, akatuletea nyumbani utaratibu ambao hatukuuomba, maana hata maziwa ya chai aliyapima kwa kile kidude cha maabara cha kudondoshea dawa, nasi tukamcheka mpaka tulipoonja chai yenyewe. Mungu aliwajalia watoto watatu, Mulei mwaka 1978, Musyoka mwaka 1980 na Nzilani mwaka 1987. Kwa desturi yetu kijana wa pili angeitwa Ndeti, jina la babu yake wa upande wa mama, lakini Mzee mwenyewe aliiacha zamu yake, akasema mtoto aitwe Musyoka, na hapo binti yake akajua kwamba kidonda cha baba bado ni kibichi.

Mwaka 1981 alikwenda Uingereza kwa masomo ya juu, akarudi mwaka 1985 akiwa daktari, si wa sindano bali wa utafiti, akaajiriwa katika maabara moja ya Nairobi. Huko alijifunza kutumia chembe za dhahabu, ndogo mno hata jicho haliwezi kuziona, zilizopakwa kwenye kikaratasi ili tone la damu ya kidole likigusa na kukuta dalili za kala-azar, ule ugonjwa wa homa na kuvimba wengu upande wa kushoto wa tumbo, mstari mwekundu ujitokeze, na mgonjwa asichomwe sindano ndefu ya wengu inayoogopesha hata wanaume. Habari ya dhahabu ilipofika kijijini, alialikwa kuwa mgeni wa heshima katika kila harambee, akawa anaeleza kwamba dhahabu yake yote haitoshi kuziba jino.

Tarehe 17 Septemba 1994 alikuja Kanyangi kujaribu vikaratasi hivyo, akaanza na watu wazima wenye afya, ambao hawakutarajiwa kuonyesha chochote, na wa kwanza kutoa kidole alikuwa baba yake. Mstari mwekundu ukatokea. Alirudia, ukatokea tena. Wenzake walisema kifaa kimekosea, lakini yeye aliketi chini, akamweleza Mzee kwamba damu ya wengine hukumbuka ugonjwa kwa miaka mingi baada ya kupona, akamwuliza yeye na Musyoka walikuwa wakipumzika wapi wakiwa malishoni, na Mzee akajibu kwamba walikaa juu ya kichuguu kikubwa karibu na mto, mahali usubi, wale wadudu wadogo wanaoeneza kala-azar, wanapojificha. Basi akamwambia baba yake kwa upole kwamba alama hiyo huletwa na usubi, hailetwi na maziwa.

Kesho yake Mzee alivaa koti lake la kanisani akaenda Kikima, akasimama mlangoni kwa dada yake na kusema, "Kalunde, nimekuja. Nipatie ile maziwa," wakalia wote wawili kama watoto.

Marehemu aliandika wazi katika utafiti wake kwamba kikaratasi hakiwezi kutenganisha ugonjwa wa zamani na wa sasa, akaendelea kukirekebisha mpaka nguvu zilipomwishia. Februari 1998 alianza kuumwa tumbo, ikagunduliwa kwamba ni saratani ya kongosho, tena imechelewa kujulikana, naye akatuambia kwamba hiyo bado hajaitengenezea kikaratasi, wanafunzi wake waharakishe. Alituacha tarehe 3 Oktoba 1998, Mutiso akiwa amemshika mkono, na sisi tumeumia, tumeumia sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala hapa nasi, kanisa, na wenzake wa maabara waliosafiri tangu alfajiri.

Baada ya mazishi kutakuwa na chakula, na Shangazi Kalunde amekuja na maziwa ya kibuyu. Mzee Ndeti amesema atayamimina yeye mwenyewe, na ameomba tunywe sote.

Kalondu wetu, pumzika kwa amani, swali lako lilipata jibu.